Fuwele ya wakati itawasha taa za dagaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi navua dagaa, nashushia Mwaloni Kirumba. Kijana wangu wa kidato cha tano anasema wanasayansi wametengeneza "fuwele ya wakati" inayocheza milele bila kuishiwa nguvu. Sisi usiku wa giza tunahangaika na betri za taa. Je, itatusaidia? Mvuvi, Mwanza.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Haitasaidia, na mtu akija kukuuzia kitu kwa jina hilo, mfukuze. Ila kijana hakutunga. Mwanafizikia Frank Wilczek wa Marekani alitoa wazo hilo mwaka 2012: atomu za fuwele hujipanga kwa kujirudia mahali hadi mahali, je, kitu kilichotulia kinaweza kujirudia chenyewe muda hadi muda? Mwaka 2015 wanafizikia Watanabe na Oshikawa walionyesha kwa hesabu kuwa kikitulia kabisa hakiwezi. Lazima kilishwe nishati.

Linalonifurahisha mimi ni jaribio la fuwele ya wakati la Bariloche, Argentina, mji wa kando ya ziwa kama wetu, lililofanywa pamoja na watafiti wa Berlin na kuchapishwa 2024. Mwanga unanaswa kati ya vioo viwili vilivyojengwa kwa matabaka membamba kuliko unywele ya semikonda, yaani maada ya kutengenezea vifaa vya elektroniki. Humo unaungana na elektroni zilizosisimuliwa, vinazaliwa vichembe viitwavyo polaritoni, nusu mwanga nusu maada. Ni vyepesi mno. Vikijaa katika baridi kali, vyote huingia hali moja, ndiyo kondenseti. Lakini kila kimoja huishi pikosekunde chache tu (pikosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara trilioni) kisha mwanga wake unavuja, kwa hiyo leza inayosisimua elektroni hizo haizimwi.

Na leza hiyo haikuwa ikiwaka na kuzimika! Iliwaka mfululizo, kondenseti ikaanza kuyumba kwa mdundo wake yenyewe, na huko kujirudia ndiko fuwele ya wakati. Walipoongeza nguvu, mdundo ukashikamana na mtetemo wa kifaa, takriban mara bilioni 20 kwa sekunde. Wakaongeza tena, ukawa unajirudia kila baada ya mitetemo miwili. Umeona turubai la mtumbwi upepo wa ziwa ukivuma bila kukatika: upepo ni mmoja, turubai linapiga pa-pa-pa kwa mwendo wake. Upepo ukikata, nalo linanyamaza.

Kwa taa zako, betri ya lithiamu hustahimili kuchajiwa mara nyingi kuliko ya asidi, ingawa bei ya kuinunua iko juu.