Tumekuta miti ya ndimu kichakani Mwakirunge: je, ni ya asili?

SWALI: Salaam aleikum bwana shamba. Shamba letu la urithi liko Mwakirunge, na sehemu yake ya chini inateremka kuelekea mkono wa bahari wa Mtwapa. Pale chini pamekuwa kichaka tangu babu alipofariki. Juzi tulipokuwa tunafyeka njia tulikuta miti yenye miiba, imefunikwa na mitambaazi lakini imezaa. Matunda mengine ni madogo ya kijani, mengine ni makubwa kidogo, ya manjano, na ganda lina manundu. Kuna na mmea mwingine wa kupanda juu ya miti, vitunda vyake ni vidogo sana lakini vinanukia chungwa kabisa. Ndugu yangu amesoma kwamba Australia kuna miti ya jamii ya ndimu inayoota msituni yenyewe, ya asili. Je, hii yetu nayo ni ya asili? Na je, niing'oe niipande shambani, au niitumie kupandikizia michungwa nipate miche ya kuuza? Picha nimeziambatanisha.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Picha zako zimenisaidia sana, hasa zile ulizopiga jani kwa karibu, maana katika jamii hii jani husema mengi kuliko tunda.

Ile miti miwili ya miiba si ya asili ya hapa. Jenasi ya Citrus, yaani ndimu, limau, chungwa, danzi (lile chungwa chungu), balungi na chenza, haina aina hata moja iliyoanzia Afrika. Chimbuko lake liko Asia, kwenye miteremko ya kusini mashariki ya milima ya Himalaya: Assam, kaskazini mwa Myanmar na Yunnan ya China. Kutoka huko baadhi zilisambaa zenyewe hadi Australia mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hajawako mkulima wa kuzibeba. Kwa hiyo alichosoma ndugu yako ni kweli. Katika misitu ya mvua ya Queensland kusini na kaskazini mwa New South Wales kuna Citrus australasica, yenye tunda refu la ukubwa wa kidole, na ukilikata vifuko vyake vya maji hutoka kimoja kimoja, viduara kama mayai ya samaki. Bara zaidi, kwenye ukame, kuna Citrus glauca, ambayo huvumilia kiangazi na chumvi kuliko ndimu yoyote tuliyonayo. Hizo ni za asili ya kule, na hakuna njia ambayo zingefika Mwakirunge peke yake.

Zako zililetwa na watu, tena zamani. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba matunda ya mji huu ni ndizi, limau na citron, tunda la jamii ya limau lenye ganda nene. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Miti hii basi imekaa pwani yetu muda wa kutosha kutoroka mashamba, na hilo ndilo lililotokea kwako. Tazama vizuri pale kichakani. Ukiona mwembe mkubwa, mkwaju, mnazi uliochoka au vigae vya vyungu karibu, ujue palikuwa na boma la mtu, na mbegu zilimwagwa jikoni.

Sasa tuitambue moja moja. Chuma jani, liinue dhidi ya jua. Utaona vitone vingi vinavyopitisha mwanga; hivyo ni vifuko vya mafuta, na ndivyo vinavyotoa ile harufu ukilifikicha. Vitone hivyo viko kwenye familia nzima ya Rutaceae, si kwenye ndimu tu, kwa hiyo havitoshi. Shuka kwenye kikonyo cha jani. Kwenye Citrus kuna kiungo, mahali jani linapokutana na kikonyo, na mara nyingi kikonyo kina mabawa pembeni. Mabawa ndiyo yanayotenganisha ndugu hawa. Balungi lina mabawa mapana sana, danzi lina mabawa mapana ya wastani, ndimu lina mabawa membamba, na limau lile la ganda la manundu karibu halina kabisa.

Picha yako ya kwanza ni ndimu, ile ile tunayokamulia mihogo ya kukaanga pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa. Jani dogo, bawa jembamba, mwiba mfupi mkali kwenye kwapa la kila jani, maua meupe. Picha ya pili ni limau lenye ganda la manundu, Citrus jambhiri. Hili wenye vitalu wa Kenya wanalijua vizuri kwa sababu ndilo linalotumika sana kama mche wa chini wa kupandikizia machungwa. Yaani ulichokikuta kichakani ni kile kile ambacho vitalu hutafuta mbegu zake.

Picha ya tatu ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Ule mmea wa kupanda, wenye vijani vitatu vitatu, miiba iliyopinda kama ndoana, na shina la zamani lenye vinundu vya gome laini, ni Toddalia asiatica. Vitunda vyake vya rangi ya machungwa havizidi punje ya njegere, na ukikikwaruza kimoja kwa ukucha utadhani umemenya chenza. Lakini kipasue ndani: hakuna pande wala vifuko vya maji, ni mbegu ngumu tu na nyama kidogo. Huo ndio wa asili. Umeota Afrika Mashariki bila kupandwa na mtu, na watu wa pwani na bara wamechimba mizizi yake kwa dawa ya kikohozi na homa vizazi na vizazi. Ulikuwa unatafuta jamaa wa asili wa ndimu, na ulikuwa umemkanyaga ukienda kwenye ndimu.

Jamaa wengine wa asili pwani hii ni mjafari, ambao shina lake limejaa vinundu vyenye mwiba juu; Clausena anisata, ambayo majani yake yakifikichwa hunuka kali; na miti ya jenasi ya Vepris, nayo yenye vijani vitatu. Wenye tunda la kukaribia chungwa kwa sura, wa jenasi ya Citropsis, wako zaidi Uganda, Kongo na Afrika Magharibi. Tafadhali usichanganye na mtonga. Tunda lake ni duara na likiiva ni la manjano, lakini ganda ni gumu la kuvunjwa kwa jiwe, na jani halina vitone vya mafuta. Mtonga ni familia nyingine kabisa.

Nakuomba usiifyeke Toddalia yote, maana kuna viumbe wanaoitegemea. Vipepeo wa jamii ya Papilio demodocus hutaga kwenye familia hii, na viwavi wake ndio wale wanaokula majani ya miche ya ndimu. Wakiwa wadogo wanafanana na mavi ya ndege, wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Ukiwaona kwenye miche yako waokote kwa mkono, inatosha. Mti mkubwa hauumii nao, na sioni sababu ya kumwaga sumu kichakani kwa ajili yao.

Tuje kwenye kung'oa. Usithubutu. Mti mzima wa limau au ndimu una mzizi mkuu ulioshuka, na ukiukata utakufa kabla ya masika kwisha. Uhudumie pale ulipo. Ondoa mitambaazi kidogo kidogo, si kwa siku moja, kwa sababu gome lililozoea kivuli likipigwa na jua la ghafla huungua na kupasuka. Ukishalazimika kulifunua, lipake chokaa iliyochanganywa na maji. Kata matawi makavu na machipukizi yanayotoka chini ya shina, kisha uache mti upumue msimu mmoja kabla ya kukata zaidi.

Kupandikiza ndiko unakouliza kwa shauku, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Chukua mbegu kwenye mti huo, usichukue vijiti. Miti ya vichakani inaweza kubeba virusi vya tristeza, vinavyoua michungwa, na limau la manundu huvibeba bila wewe kuona kitu. Virusi hivyo husambazwa na vidukari weusi na hupita kwenye kila kijiti unachobandika. Havipiti kwenye mbegu. Kuanzia miaka ya 1930 tristeza iliua mamilioni ya michungwa Argentina na Brazil, karibu yote ikiwa imepandikizwa juu ya mdanzi. Mchungwa juu ya mdanzi ukipata virusi hivyo, mishipa ya pale ulipounganishwa hufa na mti hunyauka. Limau la manundu huvumilia. Kwa hiyo mtu akikwambia pandikiza chungwa juu ya danzi kwa sababu danzi halishikwi upesi na kuoza kwa shina, na ni kweli halishikwi upesi, mkumbushe na hili la tristeza.

Limau la manundu nalo lina udhaifu wake. Hupenda udongo wa kichanga wenye kina unaopitisha maji. Likisimama kwenye tope mizizi huoza. Mwakirunge una sehemu za mchanga na sehemu zenye udongo mzito, kwa hiyo chimba shimo la futi mbili, lijaze maji, uone yanaondoka kwa muda gani. Yakilala humo hadi kesho yake, usipande pale.

Mbegu zitoe kwenye tunda lililoiva, zioshe ute, uzipande siku ile ile au ya pili yake. Usizianike juani, kwa sababu mbegu za jamii hii zikikauka sana haziamki. Mbegu moja ya limau hili inaweza kutoa miche miwili au mitatu, na mingi katika hiyo ni nakala halisi ya mama. Ule ulio tofauti na wenzake, mfupi kupita kiasi au wenye majani ya sura nyingine, utupe. Shina likifikia unene wa penseli, ambayo huchukua mwaka hivi au zaidi kidogo, bandika jicho kwa mkato wa T, shubiri moja au zaidi juu ya ardhi, ili udongo na maji ya mvua yasiguse kidonda. Jicho lenyewe litoke kwenye mti unaojulikana kuwa safi. Uliza kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ni karibu yako, wakuelekeze pa kupata macho ya machungwa yanayofaa pwani.

Kuna ugonjwa mwingine unaonipa wasiwasi zaidi ya tristeza, nao ni ule wa kugeuza majani manjano ambao hauna tiba. Aina ya Afrika hupenda baridi ya milimani, na joto letu hapa chini limetukinga. Aina ya Asia haijali joto. Kidudu kinachoibeba, Diaphorina citri, kimeshaonekana Kenya tangu mwaka 2016. Ni kidogo, cha kahawia, na ukikikuta kwenye chipukizi changa utakiona kimeinamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma. Kagua machipukizi ya miti yako ya kichakani kila mvua inapoyaleta. Ukiona jani lenye mabaka ya manjano yasiyolingana upande huu na upande wa pili wa mshipa wa kati, hapo usihamishe tawi, mche wala jani kutoka shambani. Waite maafisa wa kilimo wa kaunti au KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, waje hapo ulipo.

Miche ya kuuza iache kwanza. Kitalu cha biashara kinahitaji kukaguliwa, na KEPHIS watakueleza masharti. Wakati huo huo ndimu zako zina soko leo: wauza mihogo, wauza samaki na akina mama wa achari hawalali bila ndimu, na mti wa kichakani ukishapata hewa na mbolea ya samadi utakulipa kabla mche wako wa kwanza haujabandikwa jicho. Tunda la limau la manundu halina soko kubwa, kwa hiyo hilo liache liive mtini kwa ajili ya mbegu.

Nitumie picha ya upande wa chini wa majani machanga ya ile ndimu, na mti wa pili nipimie mzingo wa shina usawa wa kiuno. Kama shamba limepakana na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, au msitu wa hifadhi, usivuke mpaka kuokota mbegu upande wa pili bila ruhusa ya wazee na wasimamizi.