Ligi ya Afrika Mashariki kwenye Football Manager: anza na kushuka daraja

Simba ugenini Nyayo Jumamosi, Gor Mahia Chamazi katikati ya wiki, Vipers wanawasubiri Yanga pale Kitende. Ratiba ya namna hiyo iko vijiweni tu, lakini kwenye Football Manager, gemu ya kuendesha klabu ya soka kama kocha, unaweza kuitengeneza na kuiacha ijiendeshe misimu kumi huku unakunywa chai. Mimi bado natumia toleo la 2024, na nadhani wengi tuko hapo, maana lile la 2025 lilifutwa kabla halijatoka. Kihariri chake, yaani programu ya kubadilisha data na kanuni za gemu, kinapatikana bure Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa aliyenunua gemu ya kompyuta. Wa simu, poleni.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla hujagusa nembo, jina la kombe wala tarehe za mechi, amua timu zinashukaje daraja.

Wengi huchukua timu 20 kubwa za Tanzania, Kenya na Uganda, wakaziweka kwenye jedwali moja, tatu za mkiani zikawa zinashuka. Raundi 38, mechi 380. Msimu wa kwanza ni mtamu kweli. Tatizo ni kwamba gemu inafuata namba. Hadhi ya klabu inapimwa kutoka 0 hadi 10,000, na mwenye hadhi kubwa anapata wachezaji, wadhamini na mashabiki zaidi ya mwenzake. Uwanjani kwenyewe pengo lipo: mkataba wa televisheni wa Azam Media na TFF, shirikisho la soka Tanzania, wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na msimu wa 2025/26 timu nne za Tanzania, yaani Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars, zote zilitinga makundi ya mashindano ya klabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Kwa hiyo kwenye ligi yako ya jedwali moja Waganda watashuka mmoja mmoja, Wakenya watafuata, na nafasi zao zitachukuliwa na timu za Tanzania Bara. Ukirudi baada ya misimu kadhaa utakuta Ligi Kuu ya Tanzania yenye wageni wawili kutoka Nairobi.

Dawa yake nimeiazima Ulaya. Ubelgiji na Uholanzi waliwahi kuwa na ligi ya pamoja ya wanawake, BeNe League, kati ya 2012 na 2015. Msimu wa kwanza zilikuwa klabu 16, nane kila nchi. Zilianza kwa kucheza kila moja ndani ya nchi yake, kisha nusu ya juu ya pande zote mbili ikakutana kwenye ligi moja na nusu ya chini kwenye nyingine. Baadaye wakaunganisha jedwali lote, mfumo ambao mimi siupendi.

Kwetu fanya hivi. Timu nane kila nchi zicheze nyumbani na ugenini, raundi 14. Nne za juu za kila nchi ziunde ligi ya timu 12, raundi 22. Nne za chini zibaki kwao zipambane kutoshuka. Hapo ndipo siri ilipo: akishuka Mganda anapanda Mganda, na hakuna nchi inayoweza kufutika kwenye ramani. Jumla ni mechi 36, dhidi ya 30 za ligi yetu ya timu 16, na nakubali ni mzigo kwa timu iliyo CAF. Halafu piga hesabu ya watani wa jadi: wakivuka wote wawili, Simba na Yanga watakutana mara nne kwenye ligi. Sijui Kariakoo patafanyika biashara gani mwaka huo.

Sasa kwenye kihariri chenyewe. Ili timu za nchi tatu zicheze ligi moja, njia rahisi ni kuzihamishia zote chini ya nchi mwenyeji, tuseme Tanzania. Lakini angalia vizuri, kila klabu ina sehemu mbili tofauti: nchi yake, na nchi inakochezea. Wewe badilisha hiyo ya pili tu. Mfano umo humo humo kwenye gemu, fungua Cardiff City au Swansea utaona: ni klabu za Wales zinazochezea Uingereza. Ukigusa ile ya kwanza mambo yanaharibika polepole bila wewe kujua. Siku utakapofungua kikosi cha vijana cha Gor Mahia ukakuta makinda wote ni Watanzania, ujue ni hapo.

Kuna sehemu ya tatu, nchi ambayo klabu inaiwakilisha kwenye mashindano ya bara. Hiyo Mkenya abaki Mkenya. Tanzania kwa sasa ina nafasi nne za CAF, Kenya na Uganda mbili mbili kila moja. Gemu ikiwaona wote ni Watanzania, nafasi nne zinapotea hewani. Mimi huwa natoa wawakilishi kutokana na msimamo wa hatua ya kwanza, ile ya nyumbani, ili mtu asipoteze tiketi yake kwa sababu kafungwa na jirani.

Suala la wageni litakujaribu. Unaweza kuiambia gemu kwamba Mganda si mgeni Tanzania, na kwa moyo wa Afrika Mashariki inaonekana ni haki. Usifanye. Kanuni zetu zinaruhusu wageni 12 kikosini. Waganda Okwi na Aucho, wa kwanza alikuja Simba na wa pili Yanga, wote wakihesabika wageni. Ukiwafanya wazawa, vigogo wa Dar watajaza zile 12 kwa Wakongo na Waivori, halafu juu yake watavuna Kampala nzima bure.

Ukimaliza, bonyeza kuhakiki kanuni, kisha anza kazi mpya ya ukocha kwenye gemu, maana faili lako halitaingia kwenye kazi uliyokwisha ianza. Nenda likizo misimu mitano, yaani iache gemu ijiendeshe. Ukirudi usikimbilie kuangalia bingwa, karibu kila mara ni yule unayemdhania. Tazama timu ya nne ya Uganda: akaunti yake ina kiasi gani, na nahodha wake kauzwa wapi. Ikiwa inaishi kwa mkopo, rudi kwenye kihariri ugawe pesa ya televisheni sawa kwa sawa kwa timu zote 12, zawadi ya bingwa uipunguze. Rwanda na Burundi ziongeze baada ya hapo, kompyuta yako ikiruhusu.