Mwanangu, isimu ya lugha za alama ni isimu kamili

Mwanangu mpenzi, umeniuliza ukichukua isimu ya lugha za alama, zile lugha za mikono za viziwi, chuoni utakuwa unasoma isimu kweli, yaani sayansi ya lugha, au utaishia tu kuwa mkalimani. Ni isimu kamili, tena usikubali mtu akwambie vingine.

Zamani hata wasomi waliona lugha za alama ni kupungapunga mikono tu. 1880 kule Milan mkutano wa walimu wa viziwi ukapitisha kwamba watoto wafundishwe kwa mdomo, yaani kusema na kusoma midomo, na shule nyingi zikafukuza alama madarasani, mpaka leo hilo linaniuma. Ndo 1960 William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington, akaonyesha kwamba alama inavunjika vipande: umbo la mkono, mahali inapofanyiwa, na mwendo. Ukibadilisha kimoja tu unaweza kupata neno lingine kabisa, sawa na sisi tunavyotofautisha pata na bata. Na sarufi iko hadi usoni, kwenye lugha ya alama ya Marekani ukipandisha nyusi sentensi ileile inageuka swali la ndiyo au hapana.

Wala sio lugha moja dunia nzima. Marekani na Uingereza wote wanaongea Kiingereza ila viziwi wao hawaelewani kwa alama, ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, maana Laurent Clerc, kiziwi Mfaransa, ndo alisaidia kuanzisha shule ya viziwi Hartford, Marekani, mwaka 1817.

Lakini mimi kinachonigusa kuliko vyote ni Nikaragua. Kuanzia mwisho wa miaka ya 70 watoto viziwi wakakusanywa shuleni Managua, kila mmoja na ishara zake za nyumbani, walimu wanakazania Kihispania, watoto wenyewe kwa wenyewe uwanjani na kwenye basi wakajenga lugha, halafu wadogo waliokuja nyuma wakaipa sarufi iliyokomaa kuliko ya wakubwa zao! Wanaisimu wakawahi kuiona ikikua.

Kwahiyo chukua. Ila jifunze kuongea kwa alama kwanza, na ujifunze kwa viziwi wenyewe, usiende kuchambua video za watu ambao huwezi hata kupiga nao stori, kazi ya kuandika alama zote za dakika moja tu ya video inakula masaa na kama huielewi lugha utakuwa unaandika usichokiona. Kabla hujajaza fomu waulize kama idara ina wahadhiri viziwi, halafu niambie wamejibu nini.