Ukinunua kisu cha kukunja, ukali uangalie mwisho

Wauzaji wa mtumba pale Gikomba, sokoni Nairobi, wana mtindo mmoja: wanachana karatasi kwa kisu, inakatika vizuri, mteja anatoa pesa. Mimi karatasi hiyo hata siitazami. Ukali ni kazi ya kinoo na subira kidogo. Mabapa yasiyokaa sawa ndani ya mpini ni balaa jingine, kwa sababu fundi lazima ang'oe ribiti, ile pini inayoshikilia bapa kwenye mpini, na gharama yake inaweza kupita bei ya kisu chenyewe.

Anza na bapa moja. Visu hivi vya kizamani havina loki. Kinacholishikilia bapa ni springi ya mgongoni peke yake. Springi nzima hulia tak! bapa likifika mwisho. Ikinyamaza, imechoka. Lishike bapa lililofunguka, ulisukume kushoto na kulia, halafu juu na chini. Likicheza juu na chini, mrudishie mwenyewe.

Sasa fungua mengine, maana shida ya kisu cha mabapa mengi ni ujirani. Chukua kile cha mabapa matatu ambacho Wamarekani hukiita stockman: mara nyingi kina springi mbili, kwa hiyo mabapa mawili yanagawana moja. Fungua moja nusu, kisha jaribu mwenzake. Ghafla likilegea au likigoma, achana nacho.

Tazama pia ubavuni. Mstari mwembamba unaong'aa kwenye bapa dogo unakuambia kwamba lile kubwa linalikwaruza kila likipita. Ila usikatae kisu kwa kuwa bapa limepinda kidogo karibu na ribiti. Mafundi hulipinda makusudi ili yapishane, na ukiyaona yamelala pamoja bila kugusana, ujue huyo fundi alikuwa na mkono.

Halafu kiinue juani. Mwanga ukipenya kati ya springi na bati la shaba lililo ndani ya mpini, maji ya machungwa na vumbi la mfukoni vitapenya hapo hapo, na kutu itafuata. Kagua na makali: kidoa butu kinachometa, kama punje ya mchele, maana yake makali yanagonga springi kisu kikifungwa kwa kishindo.

Wanaopenda Victorinox, kile kisu cha Uswisi chenye vifaa vingi, watauliza mbona chao hakisumbui. Kile cha maofisa, cha 1897, Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikiwekea vifaa pande zote mbili za mpini, springi zile zile zikihudumia huku na huku. Ukibahatika kukiona kwenye rundo, usibishane sana na bei.

Mkwaruzo peke yake hauzuii kisu kukata. Mwonyeshe muuzaji, “Mzee, haya yanasuguana,” na mara nyingi atashusha. Ukifika nyumbani, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ribiti, fungua na kufunga, pangusa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka yatoke masafi.