Kabla hujasaini makubaliano na Bodi ya Uuguzi

Barua ya Bodi ya Uuguzi ikikufikia, usiijibu usiku huo huo kwa hasira, wala usiifungie kabatini ukitumaini yatapita. Nafanya kazi ya uuguzi Marekani na barua ya namna hiyo imewahi kunifikia: mgonjwa alilalamika, bodi ikachunguza, faili likafungwa bila adhabu. Tangu hapo wenzangu wa Afrika Mashariki hunipigia simu wakipata zao. Inaniuma kwamba wengi hupiga wakiwa wameshasaini.

Leseni yako ni ya jimbo, na bodi ya jimbo ndiyo yenye mamlaka ya kuigusa. Inaweza kukupa karipio la maandishi, kukutoza faini, kukulazimisha kusoma kozi, kukuweka chini ya uangalizi, kuisimamisha leseni au kuifuta kabisa. Mtu akiletewa na bodi makubaliano ya kumaliza kesi yenye karipio tu, hushusha pumzi na kusaini ili arudi kazini.

Karipio hilo sasa linasafiri. Linaingia Nursys, hifadhidata ya mtandaoni ya leseni za wauguzi, ambako mwajiri yeyote hulisoma bure, na hupelekwa National Practitioner Data Bank, hifadhidata ya taifa iliyoanza kazi mwaka 1990. Ukiomba leseni kwingine utaulizwa kama umewahi kuadhibiwa, na jimbo hilo linaweza kukuadhibu kwa sababu tu la kwanza lilikuadhibu. Wenye leseni ya Nurse Licensure Compact, mkataba kati ya majimbo, inayofungua milango ya majimbo zaidi ya 40, wawe macho zaidi: jimbo la nyumbani likiiwekea masharti, ruhusa ya kufanya kazi katika majimbo mengine huzimwa hadi masharti yaondolewe. Kwa anayeishi kwa mikataba ya kuhamahama, hiyo ni kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Ushauri unaonitisha kuliko wote ni ule wa "rudisha leseni kwa hiari, mambo yaishe." Hayaishi. Kurudisha leseni wakati uchunguzi unaendelea huandikwa kama adhabu, na kunaweza kukufanya uzuiwe katika Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya. Ukishazuiwa, fedha za mipango hiyo haziwezi kulipia kazi yako, hata ya ofisini, na ni hospitali chache sana zinazoishi bila fedha hizo. Nimeona muuguzi hodari akipita mlango baada ya mlango kwa sababu ya saini aliyodhani itamletea amani.

Kwa hiyo tafuta wakili, tena anayeshughulikia kesi za leseni. Wa hospitali ni wa hospitali. Mkigeuziana lawama, hatakuwa upande wako. Sera nyingi za bima binafsi ya muuguzi hulipia utetezi wa leseni, na bei yake kwa mwaka ni ndogo ukilinganisha na ada ya wakili. Nunua mapema, kwa sababu bima haiangalii nyuma kwa malalamiko yaliyokwisha kuletwa.

Kufanya kazi huku leseni imeisha muda nalo ni kosa, hata kama meneja amekupangia zamu. Kwa asiye na leseni kabisa ni zito zaidi: New York, kwa mfano, hulihesabu kuwa kosa kubwa la jinai, na kwa mhamiaji hukumu ya jinai inaweza kugusa makaratasi ya ukaaji. Fomu ya kuhuisha leseni ikiuliza kuhusu hukumu za mahakama, jibu kweli; uongo kwenye fomu unakuwa shtaka jingine linalosimama peke yake.

Na ukihama nyumba, iarifu bodi. Barua hupelekwa kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu zao, na katika majimbo mengi usipojibu kwa wakati, tuhuma huchukuliwa kana kwamba umezikubali na adhabu hutolewa bila wewe kusikilizwa. Ingia leo kwenye tovuti ya bodi yako uone ni anwani gani iliyoandikwa hapo.