Umebadili kampuni ya intaneti? Usiguse kitufe cha riseti

Swali: Nimehamia kampuni nyingine ya intaneti na wamenifungia ruta mpya. Kamera zangu nne za Wi-Fi zimekatika zote. DVR (kisanduku cha kurekodi) ya kamera za waya inarekodi kama kawaida, lakini nikiwa nje siioni kwenye simu. Fundi anasema lazima aziriseti zote, yaani azirudishe kama zilivyotoka kiwandani. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Kamera haijui unamlipa nani intaneti. Inachokijua ni jina la Wi-Fi na nywila uliyoipa siku ya kwanza, basi.

Ingia kwenye ruta mpya (anwani na nywila ya kuingilia kwa kawaida hubandikwa chini yake) uipe Wi-Fi jina lile lile la zamani na nywila ile ile. Herufi kubwa si sawa na ndogo, na hata nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina huhesabika. Aina ya ulinzi wa Wi-Fi iwe WPA2, maana kamera nyingi haziielewi WPA3 iliyo mpya zaidi. Washa masafa ya 2.4 GHz, kwani kamera nyingi za nyumbani haziwezi 5 GHz. Ruta ya zamani izimwe kabisa, la sivyo kamera zitaing'ang'ania hata kama haina intaneti. Kisha chomoa umeme wa kamera, subiri nusu dakika, rudisha.

DVR yako huenda ilipewa anwani ya kudumu. Tuseme ni 192.168.1.50, na ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1. Kama ruta mpya ni 192.168.100.1, DVR inaita ruta ambayo haipo tena. Fungua menyu yake ya mtandao, washa DHCP (ruta ndiyo iipe anwani yenyewe), uiwashe upya. Kurekodi hakukukatika kwa sababu kamera za waya huingia moja kwa moja kwenye DVR bila kupita kwenye ruta.

Sasa hiyo riseti. Inafuta nywila, ratiba za kurekodi na maeneo ya kutambua mwendo uliyoyachora, halafu mtu apande ngazi kamera moja baada ya nyingine. Kibaya zaidi, kamera nyingine hubaki zimefungwa kwenye akaunti ya aliyezisajili kwanza hata baada ya kuriseti. Kama aliyesajili ni fundi wa zamani, utamtafuta.

Na mafundi hawa wa njia za mkato hawaishii hapo. Wakishariseti huacha nywila ya kiwandani, kisha hufungua poti (njia za kuingilia kutoka nje) kwenye ruta ili "uone ukiwa nje". Huko ni kumwachia mlango kila anayepita mtandaoni. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Tena poti zenyewe mara nyingi hazisaidii kitu, kwa kuwa kampuni nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukitaka kuona ukiwa mbali, tumia P2P (huduma ya kuunganisha simu na DVR bila kufungua poti) iliyomo ndani ya DVR kwa kuskani msimbo wake wa QR.

Kama fundi ameshapita kwako, fungua ruta leo: futa poti zote alizofungua, zima DMZ (inayoacha kifaa wazi kwa mtandao wote) na UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe), kisha ubadilishe nywila ya DVR na ya kila kamera.