Fomu ya Mawasiliano: Mgeni Asilipie Makosa ya Roboti

Maswali ya safari hii yote yanahusu fomu ya mawasiliano, ule ukurasa wa jina, anwani ya barua pepe na ujumbe ambao mafundi wengi huuunganisha siku ya mwisho kabla ya kukabidhi tovuti. Nimeyachagua kwa sababu karibu yote yanazaliwa na kosa moja: mwenye tovuti anamtwika mgeni kazi ya kupambana na barua taka, ilhali seva yake mwenyewe haikagui chochote.

Shule yetu ya sekondari hapa Mwanza inapokea matangazo ya dawa na kamari kupitia fomu usiku na mchana. Tuliweka kapcha, lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ya kuchagua picha. Matangazo yamepungua, lakini wazazi wanalalamika kwamba hawawezi kutuma ujumbe. Je, kapcha ipi ni kali zaidi? (Mwalimu, Mwanza)

Mwalimu, iliyopo imeshawafukuza wazazi, nanyi mnatafuta iliyo kali zaidi. Iondoeni kwanza. Mwaka 2007, huduma ya kapcha iitwayo reCAPTCHA ilipoanza, yalikuwapo maneno ya vitabu vya zamani ambayo kompyuta zilishindwa kweli kuyasoma, kwa hiyo kumpa mtu fumbo la namna hiyo kulikuwa na maana. Siku hizi programu zinayatatua mafumbo mengi, na pale zinaposhindwa wapo watu wanaolipwa ujira mdogo kuyatatua kwa niaba ya watuma taka. Anayekwama ni mzazi mwenye simu ndogo na kifurushi kinachokaribia kuisha, anayesubiri picha za taa za barabarani zifunguke kwenye mtandao dhaifu. Anayekwama ni mzazi asiyeona, ambaye simu humsomea ukurasa kwa sauti. Hao ndio mliowajengea tovuti.

Anzeni na mtego usioonekana. Ongezeni kisanduku kimoja cha ziada kilichofichwa kwa CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa), ambacho mtu hakioni lakini roboti inayojaza kila inachokikuta itakijaza, na seva ikikikuta kimejazwa iuweke ujumbe huo kando. Wengi hukosea katika kukipa jina: mkikiita «simu» au «email», kivinjari cha mzazi kinachokumbuka taarifa zake kitakijaza chenyewe, na mzazi ataonekana roboti. Kipeni jina lisilohusiana na taarifa za mtu, zimeni ujazaji wa kiotomatiki, kiondoeni kwenye mfuatano wa kitufe cha Tab, na kiwekeeni alama ya aria-hidden ili programu za kusomea wasioona zikipite.

Kisha pimeni muda. Seva inapotoa ukurasa iandike saa ya kuutoa ndani ya tokeni (mfuatano wa herufi unaoambatana na fomu) iliyotiwa saini kwa ufunguo wa siri ambao haumfikii mgeni. Fomu ikirudi imejaa ndani ya sekunde mbili, hakuna mzazi anayeandika kwa kasi hiyo. Kwa upande wa pili msiwe wakali: yuko atakayefungua ukurasa asubuhi, umeme ukatike, atume jioni. Tokeni ikiwa imepitwa na wakati, mrudishieni fomu yake ikiwa na maneno yake yote aliyoyaandika, abonyeze tena tu. Fomu inayofuta ujumbe wa mtu kwa sababu ya kosa dogo ni dharau kwa mtu huyo.

Mwisho, ujumbe wenye viungo vingi uingie kwenye foleni ya kukaguliwa na mtu, usifutwe. Mzazi anayeuliza ada hahitaji kuweka viungo vitano, lakini mchapishaji wa vitabu anaweza kuwa navyo. Mkishafanya haya na taka zikaendelea kuwasumbua, ndipo mfikirie huduma kama Turnstile ya Cloudflare, ambayo mara nyingi haimdai mgeni afanye lolote. Hapa nawasihi jambo moja: huduma hizi hukabidhi tokeni ambayo seva yenu lazima iirudishe kwa mtoa huduma ili ithibitishwe. Mafundi wengi huweka kile kisanduku ukurasani, wakaona kinang'aa, wakaishia hapo, na roboti inatuma fomu bila tokeni yoyote nayo inapokelewa vizuri kabisa.

Nimeweka «required» kwenye kila kisanduku, na JavaScript inakagua anwani kabla ya kutuma. Inatosha? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na linaendelea kuja kwa sura tofauti. Roboti haihitaji kufungua ukurasa wako wala kuendesha JavaScript yako; inaweza kupeleka data moja kwa moja kwenye anwani ambayo fomu yako huelekeza. Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni sawa na bawabu uliyempeleka akakae nyumbani kwa mgeni: anamsaidia mgeni asisahau kitu, lakini mlango wako haulindi. Kila kipimo ulichokiandika kwenye kivinjari kiandike tena kwenye seva, na urefu wa kila kisanduku uwekewe kikomo hukohuko. Tafadhali asinitumie mtu tena swali hili kabla ya kuijaribu fomu yake kwa curl, programu inayotuma data kwenye seva bila kivinjari.

Kampuni inayohifadhi tovuti yetu imetufungia barua pepe ikidai tunatuma taka. Ofisi nzima hatujatuma hata moja. Wanatuonea? (Katibu wa chama cha ushirika, Dodoma)

Hawawaonei. Seva yenu imetuma taka hizo, na inaelekea zimepita kwenye fomu yenu.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1995 Matt Wright alitoa FormMail, programu ndogo ya lugha ya Perl, ya kupeleka yaliyojazwa kwenye fomu kwa barua pepe, iliyoenea katika tovuti nyingi mno duniani. Anwani ya mpokeaji ilikuwa imeandikwa ndani ya fomu yenyewe kama kisanduku kilichofichwa, kwa hiyo yeyote aliyebadilisha kisanduku hicho aliweza kuituma seva ya mtu mwingine ipeleke barua popote alipotaka. Watuma taka waliitumia kwa miaka. Hata hivyo bado naletewa fomu ambazo fundi ameandika «mpokeaji» ndani ya HTML, akiamini kwamba kilichofichwa hakionekani. Anwani ya mpokeaji ikae kwenye seva, na ikiwa kuna idara kadhaa, fomu itume jina la idara tu, seva ichague anwani kutoka katika orodha yake.

Njia ya pili ni kuingiza mistari mipya. Kichwa cha barua pepe kimepangwa kwa mistari, kila mstari na kazi yake. Fundi akichukua anwani ya mgeni na kuibandika ndani ya kichwa bila kuikagua, mhalifu ataweka alama za kuvunja mstari baada ya anwani hiyo, kisha aongeze mstari wa Bcc (nakala za siri) wenye mamia ya wapokeaji. Katika visanduku vya jina, anwani na mada, kataeni kabisa alama za kuvunja mstari. Msiunganishe vichwa kwa mikono katika mail(), amri ya kutuma barua ya lugha ya PHP. Tumieni maktaba (msimbo uliokwisha andikwa) inayotunzwa, kama PHPMailer au Symfony Mailer, na maktaba yenyewe isasishwe. Desemba 2016 iligundulika kwamba PHPMailer ya kabla ya toleo 5.2.18 iliweza kumruhusu mtu aendeshe amri zake kwenye seva kupitia anwani ya mtumaji, na marekebisho ya kwanza yakahitaji kurekebishwa tena katika 5.2.20. Tovuti iliyojengwa kabla ya hapo na kuachwa bila matunzo bado iko hatarini.

Njia ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, na katika ofisi za heshima ndiyo ninayoishuku kwanza: lile jibu la kiotomatiki linalosema «Ndugu fulani, asante, tumepokea ujumbe wako ufuatao». Mtuma taka anaandika tangazo lake kwenye kisanduku cha ujumbe, au hata cha jina, halafu anaweka anwani ya mtu anayetaka kumsumbua. Seva yenu inampelekea mtu huyo tangazo hilo likiwa na jina la chama chenu. Zimeni jibu hilo leo. Shukrani zionyeshwe ukurasani, na kama kuna ulazima wa barua, iwe na maneno yenu peke yenu, bila neno hata moja lililotoka kwa mgeni.

Ujumbe kutoka fomu yetu wenyewe unaangukia kwenye taka za Gmail yetu. Kwa nini? (Mwenye duka la vipuri, Arusha)

Kwa sababu fomu yako inajifanya mgeni. Fundi ameweka anwani ya mteja kwenye mstari wa From, kwa hiyo seva yako inadai kutuma kwa niaba ya gmail.com au yahoo.com bila ruhusa, na mpokeaji ana haki ya kuishuku. Mstari wa From uwe na anwani ya kikoa chako, yaani jina la tovuti yako, na anwani ya mteja ikae kwenye Reply-To. Ukibonyeza kujibu, jibu litamfikia mteja vilevile.

Kisha mtake msimamizi wa kikoa aweke SPF, DKIM na DMARC, rekodi zinazomsaidia mpokeaji kujua kama barua imetoka kweli kwenye kikoa chako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na wale wanaotuma kwa wingi wanadaiwa zote tatu, lakini hata duka dogo linanufaika nazo. DMARC ianze na p=none (usizuie kitu) uone ripoti, halafu ipande hadi quarantine (weka kando) au reject (kataa). Kuiacha kwenye none milele, kama wanavyofanya wengi, hakumzuii mtu yeyote kughushi jina la duka lako.

Ili kuzuia watu wasiingize amri za SQL (lugha ya hifadhidata), nimekataza alama ya ' kwenye visanduku vyote. Ni sahihi? (Fundi wa tovuti, Kisumu)

Umewakataza akina Ng'ang'a, Ndung'u, Wang'ombe na Nyang'au wasijiandike majina yao katika nchi yao wenyewe. Umekataza pia neno ng'ombe kwenye tovuti ambayo huenda ni ya wafugaji. Fundi wa huku hana udhuru wa kufanya hivi.

Tena hujazuia shambulio. Kinga ya SQL ni kutenganisha amri na data kwa hoja zilizoandaliwa (prepared statements), ambazo PDO ya PHP na kila maktaba ya kuaminika inazo. Ukizitumia, mtu aandike alama yoyote, itahifadhiwa kama herufi tu. Kinga nyingine iko wakati wa kuonyesha: unapoufungua ujumbe kwenye dashibodi yako, ubadilishe alama za HTML, kwa PHP ni htmlspecialchars, vinginevyo msimbo uliofichwa ndani ya ujumbe utaendeshwa ndani ya kivinjari chako wewe msimamizi, ukiwa umeingia na mamlaka yako yote. Hatari hii ya pili watu hawaizungumzii vya kutosha.

Ukiwa hapo, angalia na vipimo vyako vingine. Kuna watu wenye jina moja tu, bila la ukoo. Kuna nambari za simu zinazoanza na 07, nyingine +254, nyingine +968 kwa ndugu walioko Oman. Anwani ya barua pepe yenye alama ya kujumlisha (+) ni halali.

Nina nyumba ya wageni Zanzibar. Nifungie nchi zote isipokuwa Tanzania? (Mfanyabiashara, Paje)

Wageni wako wanatoka wapi? Usifungie nchi. Weka kikomo cha idadi ya ujumbe kwa kila anwani ya IP (namba ya muunganisho wa mtandao), lakini kiwe kikomo kipana, kwa maana kwenye mitandao ya simu watu wengi sana hutoka na anwani moja ya pamoja, na ukiruhusu ujumbe mmoja kwa saa utawafungia majirani wasiojuana.

Fomu haina malipo yoyote. HTTPS ya nini? (Msomaji, Morogoro)

Jina, simu na shida ya mtu ni vitu vya kulindwa njiani hata bila malipo. HTTPS ndiyo inayovilinda, na Let's Encrypt hutoa cheti chake bila gharama.

Tumeipata programu-jalizi ya fomu ya kulipia, mtu ameivunja na kuitoa bure. Iko salama? (Msomaji, Mombasa)

Ifuteni leo, mrejeshe tovuti kutoka nakala safi, na mbadilishe manenosiri yote.

Shirika letu linataka kila anayewasiliana nasi apakie nakala ya kitambulisho cha NIDA, ili kuzuia watu wa uongo. Tufanyeje iwe salama? (Afisa wa TEHAMA, Dar es Salaam)

Msiombe. Roboti zinaweza kupakia picha yoyote, kwa hiyo hamtazuia chochote, huku mkijikusanyia mrundo wa vitambulisho vya watu waliotaka kuuliza saa za kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Kenya wana sheria yao ya 2019 yenye msimamo huohuo. Andikeni chini ya fomu, kwa Kiswahili chepesi, kwa nini mnachukua taarifa na mtazitunza kwa muda gani, kisha mzifute kweli muda huo ukifika.

Upakiaji wa faili kwa ujumla ni sehemu hatari kuliko zote katika fomu. Hata Contact Form 7, inayotumika katika mamilioni ya tovuti za WordPress, ilikutwa Desemba 2020 na kasoro iliyowezesha faili za aina zilizokatazwa kupenya, ikarekebishwa katika toleo 5.3.2. Ikiwa mnapokea maombi ya kazi na hamna njia nyingine, faili zikae nje ya saraka inayofikiwa na kivinjari, seva izipe majina mapya, ichunguze yaliyomo badala ya kuamini herufi za mwisho za jina, na ukubwa uwe na kikomo.

Nitajuaje kama fomu yangu inafanya kazi? (Muuguzi anayesimamia tovuti ya zahanati, Tanga)

Nashukuru kwa swali hili, ambalo wenye tovuti wengi hawaliulizi mpaka mtu aje kulalamika kwamba aliandika na hakujibiwa. Jibu la «imetumwa» kutoka mail() linamaanisha tu kwamba seva imekubali kuibeba barua. Halisemi kama imefika. Kwa hiyo seva iuhifadhi ujumbe kwenye hifadhidata kwanza, ndipo ijaribu kuutuma kwa barua pepe, na ikishindwa iandike kosa mahali mnapopaangalia. Kwa kuwa ni zahanati, barua pepe ibebe taarifa tu kwamba kuna ujumbe mpya, na maelezo ya mgonjwa yasomwe ndani ya dashibodi yenye nenosiri. Andikeni pia juu ya fomu, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye dharura apige simu, na nambari iwe hapohapo. Kila Jumatatu asubuhi mtu mmoja atume ujumbe wa majaribio kwa simu yake, nje ya mtandao wa zahanati, na usipoonekana hadi saa sita mchana fundi aitwe siku hiyohiyo.